Njia ya Miguu ya Zege katika Nchi ya Jua Kali

Mtu akifika Lodwar, katika Turkana, kaskazini ya Kenya, ataona kwamba jua na mchanga ndio wenyeji wa kwanza wa mahali pale. Joto la mchana hukaribia nyuzi 35 za Selsiasi karibu mwaka mzima, na mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200 tu. Tena mvua hiyo kidogo huja kwa ghafla, ikachimba mifereji mbele ya milango ya watu. Kwa sababu hiyo, mwenye nyumba apatapo fedha kidogo hupenda kujenga njia ya miguu ya zege, yaani mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji, kutoka mlangoni hata barabarani. Ni fikira njema. Wazee hawatatumbukia mashimoni, na watoto hawataingiza mchanga nyumbani.

Lakini njia nyingi za namna hii hazimalizi mwaka ila zimepasuka na kutoa vumbi jeupe. Mimi mwenyewe nilipata hasara hiyo. Njia ya nyumba yangu ilimwagwa saa nne ya asubuhi, jua likiwa limekwisha kupanda. Zege lilipokuwa zito, vibarua waliomba maji, nami nikasema, "Ongezeni." Likamiminika kama uji, kazi ikawa rahisi, nasi sote tukafurahi. Jioni ile ile nyufa ndogo zilionekana juu yake. Mwezi wa tatu kipande kimoja kilikuwa kimeinuka kuliko mwenzake, na mama yangu mzazi akajikwaa pale, akateguka kifundo cha mguu. Sikumlaumu fundi, maana ruhusa ya kuongeza maji niliitoa mimi. Basi nimeandika somo hili ili mwingine asilipe ada niliyolipa mimi.

1. Jinsi zege linavyokomaa

Watu wengi hudhani kwamba zege huwa gumu kwa kukauka, kama tofali la udongo lililoanikwa juani. Sivyo. Saruji huwa gumu kwa kuungana na maji, na muungano huo huendelea siku nyingi. Maji yakiondoka mapema, kazi husimama, na zege hubaki dhaifu. Kwa hiyo jua, ambalo ni rafiki wa mfinyanzi, ni adui wa mwashi. Na upepo ni adui wa pili. Huko Loiyangalani, mashariki ya Ziwa Turkana, pana mitambo 365 ya kutengeneza umeme kwa upepo, iliyozinduliwa mwaka 2019. Upepo wenye nguvu ya kuzungusha mitambo hiyo hauoni taabu kunyonya maji ya zege bichi.

Lakini maji mengi ndani ya mchanganyiko nayo ni hasara. Yale ambayo saruji haikuyahitaji hutoka baadaye na kuacha vitundu vidogo visivyohesabika, na zege hupungua na kupasuka. Basi shikeni neno hili, maana ndilo kiini cha somo lote: maji machache ndani, maji mengi juu.

2. Ardhi

Ondoeni udongo wa juu wenye mizizi na taka. Pakiwa na udongo mweusi uvimbao wakati wa mvua, uchimbeni na kuweka changarawe mahali pake. Lowesheni ardhi kidogo, kisha shindilieni kwa gogo zito, tabaka baada ya tabaka, kila moja isizidi sentimita 15. Wekeni mbao za kando zilizonyooka, na kwa pima maji hakikisheni kwamba njia inainama sentimita 2 kwa kila mita moja ya upana, kuelekea mbali na nyumba. Unene wa zege uwe sentimita 10. Mahali gari litakapopita, uwe sentimita 15.

3. Vipimo

Mchanga wa laga, yaani mto mkavu, hufaa ikiwa ni safi. Tieni mchanga katika chupa nyeupe, ongezeni maji yenye chumvi kidogo, tikiseni kwa nguvu, kisha acheni kwa saa tatu. Tope hukaa juu ya mchanga. Likizidi sehemu moja katika kumi na mbili ya kimo cha mchanga, uosheni au tafuteni mwingine. Chumvi hiyo ni ya jaribio tu. Maji ya kuchanganyia zege yawe yale yanayofaa kunywewa na watu. Maji ya magadi au ya chumvi huharibu kazi. Na mahali ambapo ardhi yenyewe hutoa unga mweupe wa chumvi, ulizeni dukani saruji iliyofanyizwa kustahimili chumvi za ardhini.

Kipimo kizuri ni saruji moja, mchanga mbili, kokoto tatu, na kokoto zisizidi sentimita 2. Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35, kwa hiyo mfuko mmoja hutaka mchanga ndoo tatu na nusu na kokoto ndoo tano na robo, kwa ndoo ya lita 20. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, pamoja na unyevu uliomo mchangani. Zege hilo litakuwa zito, nalo litataka mikono yenye nguvu. Hapo ndipo uthabiti wa msimamizi hupimwa: vibarua wakiomba maji, waongezewe mtu wa kusaidia, si ndoo.

4. Saa ya kazi

Katika mji wa Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani, ambao nao umejengwa jangwani, mwaka 2023 zilipita siku 31 mfululizo joto likifika nyuzi 43 au zaidi kila siku. Wajenzi wa huko wakati wa kiangazi humwaga zege usiku au kabla ya mapambazuko. Nasi tufanye vivyo. Kazi ianze saa kumi na moja alfajiri, na kumwaga kuishe kabla ya saa tatu.

Siku moja kabla, mchanga na kokoto viwekwe kivulini, na mitungi ya maji ifunikwe isichomwe na jua. Asubuhi nyunyizieni ardhi na mbao maji, zisije zikanyonya maji ya zege, lakini msiache madimbwi. Changanyeni kidogo kidogo, kwa kadiri mtakavyoweza kumwaga upesi. Mafundi husema, "Zege halilali." Katika nchi ya joto haifai hata kulisubirisha saa moja. Lililoanza kuganda karaini lisirudishiwe maji, litupwe.

5. Kumwaga na kusawazisha

Mwageni zege, lishindilieni vizuri hasa pembeni, kisha lisawazisheni kwa ubao ulionyooka unaoegemea mbao za kando. Baada ya muda mfupi maji hupanda juu na kung'aa. Msiguse mpaka mng'ao uishe, maana mwiko ukipita juu ya maji hayo, uso wa njia huwa dhaifu na baadaye hubanduka. Wakati wa kungoja, funikeni kwa karatasi ya nailoni ili upepo usipasue uso. Mng'ao ukiisha, lainisheni kwa kipande cha ubao, kisha piteni na ufagio kwa kukata njia, ili mguu usiteleze wakati wa mvua. Wapo mafundi wanaonyunyiza maji au saruji kavu juu ili kulainisha upesi. Wakatazeni.

6. Mikato

Zege hutanuka kwa joto na kunywea kwa baridi. Njia ya urefu wa mita 10, joto lake likizidi kwa nyuzi 30, hurefuka kama milimita 3. Tena hupungua linapokauka. Haliwezi kuzuiwa lisipasuke kabisa, bali laweza kuonyeshwa mahali pa kupasukia. Kwa sababu hiyo kateni mstari wa kina cha sentimita 2 na nusu, yaani robo ya unene, kila baada ya urefu ulio sawa na upana wa njia. Njia ya upana wa mita 1.2 ikatwe kila mita 1.2, ili kila kipande kiwe mraba. Fanyeni hivyo zege likiwa bado laini. Na pale njia inapogusa ukuta, nguzo au hatua ya mlango, wekeni utepe wa kitu laini wenye unene wa kama sentimita moja, ili njia ikitanuka isisukumane na nyumba.

7. Siku saba

Sasa tumefika mahali ambapo wengi hushindwa. Mara uso unapokuwa mgumu kiasi cha kutotiwa alama, tandazeni magunia yaliyolowa juu ya njia yote, juu ya magunia wekeni karatasi ya nailoni, na pembeni wekeni mawe. Asiye na magunia atumie mikeka ya mikoma au mchanga uliolowa. Magunia yabaki na unyevu usiku na mchana kwa siku saba. Kulowesha asubuhi na kuacha yakauke mchana si msaada, maana zege hupasuka kwa kulowa na kukauka hivyo.

Nilipojenga njia ya pili, mke wangu aliniuliza, "Baba watoto, maji twayanunua kwa mtungi, nawe wayamwaga chini?" Swali lake lilikuwa la haki, nami sikumjibu kwa ukali, bali tuliketi tukahesabu pamoja. Njia yetu ilikuwa ya mita 10 kwa mita 1.2, unene sentimita 10. Ilikula mifuko tisa ya saruji. Kwa kuwa magunia yalifunikwa kwa nailoni, mtungi mmoja wa lita 20 asubuhi na mmoja jioni ulitosha, yaani mitungi 14 kwa siku saba. Tulipolinganisha bei ya mitungi 14 na bei ya mifuko tisa, pamoja na kokoto na ujira wa mafundi, yeye mwenyewe akasema, "Basi tuyamwage." Tangu siku ile yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa magunia. Lakini ikiwa siku hizo maji ya kunywa hayatoshi nyumbani, ngojeni msimu mwingine. Njia yaweza kungoja. Mtoto mwenye kiu hawezi.

8. Neno kwa walimu na machifu

Walimu waweza kulifundisha jambo hili kwa macho. Fanyeni visanduku viwili vya mbao, vijazeni zege la mchanganyiko mmoja. Kimoja kifunikwe kwa gunia la maji siku saba, na cha pili kiachwe juani. Kisha vyote viwekwe kivulini siku mbili vikauke. Wanafunzi wavikwaruze kwa msumari. Kile cha juani kitatoa unga, na kile kilichotunzwa kitaukataa msumari. Mtoto aliyeona hivyo hatasahau, na siku babaye atakapojenga atamkumbusha.

Na ninyi machifu, njia itakapojengwa penye zahanati, soko au shule, msitosheke kuhesabu mifuko iliyoletwa. Ulizeni kazi itaanza saa ngapi, ni nani atakayepima maji, na ni nani atakayelowesha magunia hata siku ya saba. Kama hakuna jina la kujibu swali la mwisho, afadhali mifuko ikae ghalani mpaka lipatikane.