Kwenda London: Mzigo wa Kubeba na Mahali pa Kutembelea

Anayekwenda London kukaa na ndugu mwezi au miezi kadhaa huanza maandalizi kwa kuorodhesha watu wa kupelekewa vitu: mchele kwa shangazi, dagaa kwa kaka, khanga kwa binti aliyejifungua. Nia ni njema. Lakini kilo zikizidi hulipiwa kaunta, na mara nyingi malipo hayo hupita thamani ya mchele wenyewe. Fedha hiyo ingekuzungusha jijini siku kadhaa, kwa hiyo mzigo na matembezi vipangie bajeti moja.

Anza kwa kusoma tiketi. Mashirika ya ndege yana taratibu mbili. Upo ule wa kukupa jumla ya kilo, tuseme 30, ukazigawa katika mabegi upendavyo. Upo pia ule wa kuhesabu mabegi, moja au mawili, kila moja na kikomo chake, kwa kawaida kilo 23. Huu wa pili ndio unaowaumiza wengi. Mtu ana begi la kilo 28 na jingine la 18. Jumla ni 46 kama alivyoruhusiwa, lakini atatozwa kwa lile la 28. Wala usijaze kila kitu katika sanduku moja kubwa, kwani likipita kilo 32 mashirika mengi hayalipokei hata ukiwa na fedha mkononi. Wapakiaji ni watu, na migongo yao ina kikomo.

Anayeanzia Mwanza au Mombasa kwa ndege ya ndani ahakikishe kama safari yote iko kwenye tiketi moja. Zikiwa tiketi mbili tofauti, ndege ya ndani itakupimia kwa kanuni zake, na huenda ukalazimika kuchukua mabegi na kuyasajili upya. Nunua mzigo wa ziada mapema kama huna budi, maana mashirika mengi huuza kilo hizo kwa bei nafuu kabla ya siku ya safari. Nunua pia mizani ndogo ya kuning'iniza, upime nyumbani.

Begi la mkononi nalo hupimwa. Mashirika kadhaa huruhusu kilo 7 tu. Weka humo dawa pamoja na cheti cha daktari, hati zote, na nguo za kubadili siku moja. Pawabenki ni lazima iwe humo, kamwe isiingie katika begi linalokwenda tumboni mwa ndege. Ya hadi Wh 100 hubebwa bila kuomba kibali. Ile ya mAh 20,000 ni kama Wh 74. Hakikisha maandishi yake yanasomeka, maana yakifutika mkaguzi anaweza kuichukua.

Kuhusu chakula niseme wazi: acha nyama kavu, maziwa na samli. Uingereza hairuhusu abiria kutoka kwetu kuingia na bidhaa za nyama na maziwa, na samli ya bibi itaishia kwenye pipa la uwanjani. Mirungi ni kosa la jinai huko tangu 2014, kwa hiyo usipokee kifurushi cha mtu usichokifungua na kukikagua mwenyewe. Mchele, unga na dagaa vinapatikana katika maduka ya Waafrika na Waasia jijini. Khanga ndizo za kubeba: ni nyepesi, hazivunjiki, na hakuna zawadi itakayompendeza zaidi mzazi. Makoti mazito usiyapakie. Vaa moja ndani ya ndege, mengine utayapata kwenye maduka ya hisani yanayouza mitumba.

Begi lisipoonekana, usitoke uwanjani kabla ya kuandikiwa taarifa yenye namba ya kumbukumbu. Tunza kile kipande cha karatasi ulichobandikiwa kwenye tiketi. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, begi lililoharibika hulalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipokee, na lililochelewa ndani ya siku 21.

Sasa matembezi. British Museum haina kiingilio kwa maonyesho yake ya kudumu. Weka nafasi mtandaoni ili usipange foleni. Inatunza zana ya mawe kutoka Olduvai yenye umri wa miaka ipatayo milioni 1.8, na vigae vilivyookotwa ufukweni Kilwa Kisiwani, vingine vikiwa vya vyombo vya China. Waulize wahudumu viko chumba gani siku hiyo.

Kisha nenda Westminster Abbey alikozikwa David Livingstone Aprili 1874. Wenzake wa safari, wakiwamo Chuma na Susi, waliubeba mwili wake kutoka Zambia ya leo hadi Bagamoyo, safari ya miezi mingi kwa miguu. Jiwe la kaburi linawataja kama mikono yenye uaminifu iliyomleta, bila jina hata moja. Ukiwa na watoto, watajie majina hayo papo hapo. Watalii hulipa kiingilio, na si kidogo. Wanaokuja kwenye ibada hawalipi.

Kwa kuzunguka, panda basi la ghorofa, ukae juu mbele. Namba 15 hupita karibu na kanisa la St Paul's na ngome ya Tower. Mabasi hayapokei fedha taslimu tangu 2014. Unagusisha kadi ya benki, na ukibadili basi ndani ya saa moja hulipi tena. Kilima cha Greenwich Park ni bure, na toka pale unauona mto Thames na jiji lote. Desemba toka asubuhi, maana jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Juni unatembea hadi saa tatu usiku kukiwa bado na mwanga.

Kabla ya kulipia tiketi, mwulize wakala mambo mawili: naruhusiwa mabegi mangapi na ya kilo ngapi kila moja, na je, kurudi ni vivyo hivyo? Mwambie akuandikie majibu.