Kupima Unene wa Barafu ya Bahari kwa Mwangwi

Aliyesimama juu ya barafu ya bahari aweza kuitoboa tundu na kupima unene wake kwa utepe. Lakini barafu ya Bahari ya Aktiki hutanda mamilioni ya kilomita za mraba, na matundu machache hayatoshi. Vipimo vingi vya zamani vilitoka kwa nyambizi za kivita, kama Nautilus ya Marekani iliyopita Ncha ya Kaskazini chini ya barafu tarehe 3 Agosti 1958. Nahodha hakuwa akifanya utafiti wa hali ya hewa. Alitaka asigonge barafu, na ajue mahali ilipo nyembamba apate kuibuka.

Chombo cha sonari hupeleka sauti juu, nayo hugonga tumbo la barafu na kurudi. Tuseme kanieneo ya maji yaonyesha kuwa chombo kiko mita 100 chini ya usawa wa bahari, na mwangwi warudi baada ya sekunde 0.135. Katika maji hayo ya baridi sauti huenda kama mita 1,440 kwa sekunde. Safari nzima ni mita 194.4, na nusu yake ni 97.2. Basi barafu imezama mita 2.8.

Mwanafunzi asidhani kuwa huo ndio unene wote. Barafu huelea, na kwa kanuni ya Archimedes karibu sehemu tisa katika kumi huwa majini. Tukiacha theluji iliyo juu yake, unene ni kama mita 3.1.

Hesabu ni nyepesi. Taabu imo katika usahihi. Kosa la sekunde 0.001 tu huleta kosa la sentimita 72! Ndiyo sababu mipasuko isiyo na barafu ina thamani kubwa: hapo jibu sharti liwe sifuri, na lisipokuwa sifuri vipimo husahihishwa.

Kumbukumbu hizo zilikaa miaka mingi zikiwa siri za kijeshi. Mwaka 1999 Rothrock na wenzake wa Marekani walitangaza ulinganisho wa safari za 1958 hadi 1976 na za 1993 hadi 1997. Mwishoni mwa majira ya kuyeyuka, kina cha barafu iliyozama kilikuwa kimepungua kutoka wastani wa mita 3.1 hadi 1.8. Katika saa ya sonari, tofauti hiyo ni kama sekunde 0.0018.