Boti ya Chala Inataka Nguvu: Kamshafti, Ekzosi au Propela?

Swali: Mashine yetu ya farasi 15 ilikuwa kali Mombasa. Tangu ifike Ziwa Chala imelegea. Je, kamshafti ya mbio na ekzosi iliyofunguliwa vitairudishia nguvu?

Jibu: Kwanza tazameni nguvu yenyewe imepotelea wapi. Chala iko mita 880 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho kanieneo ya hewa ni kama sehemu tisa kwa kumi ya ile ya Mombasa. Injini isiyo na turbo huvuta hewa iliyopo, haina nyingine, kwa hiyo farasi 15 za pwani hubaki 13 na nusu hivi kabla hata fundi hajashika spana. Zaidi ya hapo, kabureta iliyopangwa kwa pwani huendelea kumwaga petroli kana kwamba hewa haijapungua, mchanganyiko ukawa mzito na plagi zikashika masizi. Kamshafti haiwezi kuleta hewa ambayo haipo. Jeti ndogo hurekebisha mchanganyiko, na propela yenye pichi fupi, yaani inayosogea umbali mdogo zaidi kwa kila mzunguko, huiruhusu injini ifikie mizunguko iliyoandikwa kwenye kitabu chake. Kupunguza pichi kwa inchi moja huongeza mizunguko 150 hadi 200 hivi kwa dakika. Tena, kama mashine yenu ni ya mipigo miwili, mfano wa Yamaha Enduro zilizoenea pwani, swali la kamshafti limekwisha: haina. Pistoni yenyewe ndiyo inayofungua na kufunga matundu ya silinda.

Swali: Vijana wa bodaboda Taveta wanakata ekzosi na pikipiki inachangamka. Boti ina tofauti gani?

Jibu: Sehemu kubwa ya kuchangamka huko ni kelele. Lakini tuchukue kwamba kuna faida kidogo. Kamshafti ya mbio huacha valvu wazi kwa muda mrefu zaidi; injini hupumua vizuri mizunguko ikiwa juu, na hulegea ikiwa chini. Mwenye pikipiki hushusha gia akaikwepa sehemu hiyo dhaifu. Boti ina gia moja tu ya mbele, na propela hudai msukumo palepale boti iliyojaa watu inapojaribu kuinuka juu ya maji.

Ekzosi nayo si bomba la kutolea moshi tu. Katika mashine ya kufungwa nyuma ya boti, moshi hushuka ndani ya mguu na kutokea majini, mara nyingi kupitia kitovu cha propela. Kwenye mipigo miwili, wimbi la kanieneo linalorudi kutoka katika ekzosi husukuma ndani mchanganyiko uliokuwa ukitoroka. Ukivuruga urefu wa njia hiyo, unatupa petroli. Na Chala ni ziwa la kreta lisilo na mto wa kutoa maji juu ya ardhi, lenye perege wake wa pekee, Oreochromis hunteri. Petroli isiyoungua itabaki kwa majirani hao.

Hatari kubwa zaidi ni kwa injini za ndani ya boti, ambazo maji ya kupozea humwagwa katika ekzosi. Kamshafti kali huacha valvu ya kuingiza na ya kutolea zikiwa wazi pamoja kwa muda mrefu, na injini ikizunguka polepole silinda inaweza kuvuta kinyume, moshi pamoja na maji. Maji hayabanwi. Konrodi ndiyo itakayopinda.

Swali: Mbona Honda BF15 na BF20 zina ujazo mmoja, sentimita za ujazo 350? Si ushahidi kwamba nguvu imefichwa mle?

Jibu: Ni hoja nzito kuliko ile ya bodaboda, na inavutia hasa Chala, ambako mashine kubwa zaidi lazima ibebwe kushuka ukuta wa kreta. Ila mtengenezaji hupanga hewa, mafuta na mizunguko kwa pamoja, kisha huuza mashine iliyojaribiwa ikiwa kamili. Kipande kimoja hakikupi BF20.

Hata mkifaulu, hesabu ya maji ni kali. Boti nzito isiyoinuka huhitaji nguvu inayokua takriban kwa kipeo cha tatu cha mwendo: ongeza nguvu asilimia 10, mwendo utaongezeka asilimia 3 hivi. Boti ya mita 6 hukwama kwenye wimbi lake yenyewe karibu na kilomita 11 kwa saa, na hapo mtalipia kamshafti kwa chini ya nusu kilomita. Kukwangua mwani chini ya boti hakugharimu kitu.

Swali: Basi kamshafti isiguswe kamwe?

Jibu: Iguswe ikichakaa. Kama injini ni ya mipigo minne, pimeni nafasi ya valvu na urefu wa kila nundu ya kamshafti. Nundu iliyolika ibadilishwe kwa kamshafti ya vipimo vya kiwandani, kisha mashine ijaribiwe ikiwa na mzigo wa kawaida, mizunguko ikisomwa kwa kipimo wala si kwa sikio.