Mstari Mmoja Hautoshi: Jinsi ya Kujua Kama Mtoto Wako Anakua

Mama anayetoka kliniki ya watoto hapa Kangemi hukutana na swali moja njiani: "Mtoto ameongeza kilo?" Akijibu ndiyo, kila mtu huridhika. Lakini je, msomaji, wajua kwamba mtoto anaweza kuongeza uzito kila anapopimwa, na bado akawa anaachwa nyuma na wenzake?

Hatari hii haionekani kwa kutazama nambari moja moja. Wala haionekani kwa kuchora mstari wa mtoto peke yake, kwa sababu mstari huo utazidi kupanda. Huonekana pale tu uzito wa mtoto unapowekwa kwenye grafu moja pamoja na mistari ya watoto wenye afya. Ndiyo maana kijitabu cha afya ya mama na mtoto kina ukurasa wenye mistari kadhaa iliyopindapinda. Leo tutaeleza jinsi ya kuchora grafu kama hiyo kwa kompyuta, iwe nyumbani, kazini au kwenye saiba, na jinsi ya kuisoma.

Mistari hiyo ilitoka wapi?

Baadhi ya wazazi hudhani kuwa mistari hiyo ni ya watoto wa Wazungu na haiwahusu. Sivyo. Kati ya mwaka wa 1997 na 2003, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipima watoto wapatao 8,500 katika nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Watoto hao walikuwa wakilelewa katika hali nzuri na kunyonyeshwa. Ilibainika kuwa mtoto wa Accra na yule wa Oslo, wakilishwa na kutunzwa vyema, hukua kwa namna inayokaribiana sana. Viwango hivyo vilitangazwa mwaka wa 2006.

Mstari wa kati huonyesha uzito ambao nusu ya watoto wenye afya wako juu yake na nusu wako chini. Mstari wa tahadhari uko chini yake; mtoto akiwa chini ya mstari huo huhesabiwa kuwa na uzito pungufu kwa umri wake.

Mfano wa msichana

Tuchukue mfano wa kubuni wa msichana aliyepimwa mara tano. Nambari za WHO hapa chini ni za wasichana, na uzito wote ni kwa kilo:

Kuzaliwa: kati 3.2, tahadhari 2.4, mtoto 3.2
Miezi 3: kati 5.8, tahadhari 4.5, mtoto 5.7
Miezi 6: kati 7.3, tahadhari 5.7, mtoto 6.9
Miezi 9: kati 8.2, tahadhari 6.5, mtoto 7.0
Miezi 12: kati 8.9, tahadhari 7.0, mtoto 7.2

Tazama uzito wa mtoto pekee. Umeongezeka kila mara, na hajashuka chini ya mstari wa tahadhari. Sasa ulinganishe na mstari wa kati. Alipozaliwa alikuwa juu ya mstari huo kabisa. Katika miezi 6 alikuwa ameachwa kwa gramu 400. Katika miezi 12 ameachwa kwa kilo 1.7. Kwa nusu mwaka mzima ameongeza gramu 300 tu, ilhali mstari wa kati umepanda kwa kilo 1.6. Anayengoja mtoto huyu avuke mstari wa tahadhari ndipo aamke atakuwa amechelewa miezi kadhaa.

Kuchora kwa kompyuta

Programu yoyote ya majedwali itafaa, kama vile Excel au LibreOffice Calc ambayo hutolewa bila malipo. WHO pia iliandaa programu yake iitwayo WHO Anthro, ambayo tayari ina mistari ya viwango. Ukitumia programu ya majedwali, fuata hatua hizi:

1. Andika umri kwa miezi katika safu ya kwanza. Safu ya pili iwe ya mstari wa kati, ya tatu ya tahadhari, na ya nne ya mtoto wako. Kila safu ipe jina lake juu.

2. Teua safu zote nne kwa pamoja, kisha uagize grafu. Chagua aina yenye picha ya nukta zilizotawanyika, kisha uunganishe nukta kwa mistari. Grafu ya mistari ya kawaida huweka nafasi sawa kati ya kila kipimo, hata kama kimoja kilichukuliwa baada ya mwezi mmoja na kingine baada ya miezi minne. Hapo mwinuko wa mstari hudanganya.

3. Mwezi ambao mtoto hakupimwa, acha nafasi tupu. Usiandike sufuri, kwa maana kompyuta itachora mtoto asiye na uzito wowote na mstari utaporomoka hadi chini.

4. Usitegemee rangi pekee. Saiba nyingi huchapisha kwa rangi nyeusi, na mistari yote itafanana. Mstari wa mtoto uwe mnene, ule wa tahadhari uwe wa vipande vipande.

Makosa ya kuepuka

Usiweke uzito na urefu kwenye mhimili mmoja. Uzito wa mtoto wa mwaka mmoja ni takriban kilo 9, na urefu wake ni zaidi ya sentimita 70. Mstari wa uzito utalala chini kama uzi na hutaona mabadiliko yoyote. Chora grafu mbili.

Ukitaka kulinganisha watoto wako wawili, walinganishe kwa umri, si kwa tarehe ya kupimwa. Vilevile, wavulana wana mistari yao. Katika miezi 12, mstari wa kati wa mvulana ni kilo 9.6, si 8.9. Hata pacha, mmoja wa kike na mwingine wa kiume, hawafai kupimwa kwa mistari ya mmoja wao.

Mwisho, hakikisha mtoto anapimwa bila nguo nzito. Sweta na nepi iliyolowa vinaweza kuficha gramu ambazo hajaongeza.

Mstari ukilala, ufanye nini?

Ukiona mstari wa mtoto haupandi, au unajitenga na ule wa kati kila apimwapo, mpeleke kliniki bila kungoja tarehe iliyoandikwa. Muuguzi atachunguza kama kuna ugonjwa, kwa mfano kuhara, kifua kikuu au upungufu wa damu. Grafu haitaji ugonjwa. Inakuambia tu kwamba kuna jambo.

Mstari wa msichana wetu ulianza kulala baada ya miezi 6, na watoto wengi hupatwa na hali hiyo wakati huohuo. Ndio umri ambao maziwa ya mama pekee hayatoshi tena, na aghalabu mtoto hupewa uji mwepesi ambao ni maji matupu. Endelea kumnyonyesha, na umpe chakula kizito mara kadhaa kwa siku. Maharagwe yaliyopondwa, yai, omena iliyosagwa, parachichi na mboga za majani hupatikana sokoni.

Tahadhari moja zaidi: mtoto akivimba miguu, uzito unaweza kuonekana mzuri ilhali ana utapiamlo mkali. Huyo, na yule asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu au aliyelegea, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama grafu yake inapendeza.

Kwa hivyo, msomaji, chukua kijitabu cha mtoto wako leo na uunganishe nukta zilizomo. Usiulize tu kama ameongeza kilo. Uliza kama anakwenda sambamba na mstari wa kati. Usipoziba ufa utajenga ukuta.