Jogoo Mkali: Abaki au Aondoke?

Kijitabu cha elimu kwa wafugaji wa kuku wa nyumbani

Kuku hutaga bila jogoo. Tunaanza na jambo hili kwa sababu ndilo linalowakwamisha wafugaji wengi. Mtu anavumilia jogoo anayemrukia kila asubuhi akiamini kwamba akimwondoa, mayai yatakoma. Hayakomi. Mtetea hutaga kutokana na umri wake, lishe, afya na mwanga wa mchana. Jogoo anahitajika pale tu unapotaka mayai ya kuatamiwa ili yaanguliwe siku ya 21. Kama unafuga kwa ajili ya mayai ya kula na kuuza dukani, jogoo ni pambo lenye sauti.

Lakini wafugaji wengi wa kuku wa kienyeji wanahitaji vifaranga, kwa hiyo wanahitaji jogoo. Swali ni kama lazima awe huyu.

Mlinzi na mgomvi

"Ni mkali kwa sababu analinda." Hiyo ndiyo hoja tunayoisikia zaidi, na ina ukweli nusu. Jogoo mzuri hulinda kweli. Humwona mwewe mapema, hutoa mlio wa tahadhari, na mara mitetea na vifaranga wamejibanza chini ya kichaka au uvungu wa ghala. Akipata kumbikumbi huwaita mitetea waje kula. Jioni huingia nao bandani. Mtu akipita, husogea pembeni na kumtazama, basi.

Jogoo anayemkimbiza mtoto aliyekuja kuwawekea kuku maji hajalinda chochote. Tena jogoo anayeshinda akivizia watu mlangoni ana nafasi ndogo ya kutazama juu, ambako mwewe hutokea. Wapo wanaojivunia jogoo wa namna hii, eti anawazidi mbwa kwa ulinzi. Mbwa unaweza kumfunga mgeni akibisha hodi.

Ukali unatoka wapi

Pora huanza kubadilika akikaribia miezi mitano au sita, homoni za uzazi zinapopanda. Anajaribu kuwika, anawapanda mitetea kwa pupa, na anapima nani mkubwa katika ua. Huu ndio wakati wa kumtazama kwa makini. Dalili ni hizi: anashusha bawa moja na kukuzunguka ubavu ubavu, anasimamisha manyoya ya shingo, anadonoa chini huku amekukazia jicho, anakufuata nyuma ukigeuka. Bawa lililoshushwa mbele ya mtetea ni uchumba. Mbele yako ni changamoto, na hatua inayofuata ni kuruka.

Mara nyingi sisi wenyewe tunachangia. Watoto humtania kwa fimbo, humrushia mawe, humkimbiza wakicheka mpaka anajifunza kwamba kila binadamu ni adui. Kifaranga aliyelelewa mkononi kama mtoto wa nyumba naye ana matatizo yake: akikua hana woga wowote kwa watu, na jogoo asiye na woga hujaribu ubabe kwa yeyote. Msongamano huongeza vurugu. Jogoo mmoja kwa mitetea 8 hadi 10 hutosha. Majogoo wawili kwenye mitetea sita watagombana wao kwa wao, na hasira hizo huweza kukuangukia wewe unayeingia na sufuria ya pumba.

Na kuna damu. Wafugaji wa Tanzania wanawafahamu kuchi, kuku warefu wa miguu na shingo, waliosimama wima, wenye mifupa mizito. Wanapendwa kwa ukubwa wao, na jogoo wa kuchi akichanganywa na kuku wa kawaida huongeza uzito wa vifaranga. Ila wamechaguliwa pia, kizazi baada ya kizazi, kwa ajili ya kupiganishwa. Mfugaji anayemnunua kwa sababu ya nyama anaweza kujikuta ameleta nyumbani na ugomvi. (Kupiganisha majogoo wenyewe ni ukatili kwa wanyama, na ukatili kwa wanyama umekatazwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.)

Madhara

Silaha ya jogoo ni kipi, ile kucha ngumu inayoota nyuma ya mguu na kurefuka kadiri umri unavyoongezeka. Kwa mtu mzima hufika kwenye muundi. Kwa mtoto wa miaka miwili, urefu huohuo wa kuruka ni uso na macho. Hapo ndipo suala zima lilipo, na mfugaji mwenye watoto wadogo nyumbani asilipime kwa kipimo cha mwili wake mwenyewe.

Wazee nao wako hatarini, hasa wenye kisukari ambao vidonda vyao huchelewa kupona, na wenye mishipa iliyovimba miguuni. Mwaka 2019 wataalamu wa Australia waliandika juu ya mwanamke mzee aliyekufa kwa kuvuja damu baada ya jogoo kumdonoa kwenye mshipa wa namna hiyo alipokuwa akiokota mayai. Matukio ya aina hii ni nadra sana. Vidonda vinavyooza si nadra.

Kipi hutembea kwenye kinyesi na udongo siku nzima, na vijidudu vya pepopunda huishi humohumo. Mtu akichomwa, osha jeraha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, usipake majivu wala kinyesi cha ng'ombe, kisha mpeleke kituo cha afya waangalie kama anahitaji chanjo ya pepopunda. Jeraha la jicho au karibu na jicho halisubiri kesho.

Usisahau mitetea. Jogoo mkorofi huwapanda mfululizo hadi migongo na visogo vinabaki uchi, wengine wakichanika ubavuni. Mtetea anayejificha siku nzima kumkwepa hali vizuri, na asiyekula vizuri hatagi vizuri.

Anayestahili nafasi ya pili

Pora aliyeanza juzi kushusha bawa anaweza kurekebishika. Mpe wiki mbili au tatu. Kwanza wakataze watoto kumchokoza. Bila hilo mengine yote ni kazi bure. Usimpige teke. Kwake teke ni pambano limeanza, na kesho atakuja amejiandaa. Usikimbie pia, maana ukikimbia ameshinda. Simama, weka ndoo au kipande cha ubao kati yako na yeye, kisha endelea na kazi yako polepole mpaka yeye ndiye asogee. Jioni akiwa ametulia juu ya kichanja, mchukue, mbane kwapani kwa upole, tembea naye kidogo, mrudishe. Ncha ya kipi inaweza kupunguzwa makali kwa tupa, lakini usiikate wala kuing'oa: ndani kuna nyama hai na damu. Mwombe afisa mifugo wa kata akuoneshe.

Ukali ukimjia ghafla jogoo aliyekuwa mpole kwa miaka, mchunguze kwanza. Huenda ana utitiri, kidonda cha mguu au maumivu mengine.

Asiyestahili

Jogoo mzima ambaye ameshamtoa mtu damu, anayelenga uso, au anayemrukia mtoto hata mara moja, tunashauri aondoke. Wiki hiihii. Hatuoni sababu ya kumpa muda, hata awe mzuri wa umbo kiasi gani. Akimtoboa mtoto wa jirani jicho, mazungumzo hayo mtayafanyia kwa mjumbe au polisi, na gharama ya matibabu itazidi thamani ya banda zima.

Ipo sababu nyingine inayosahaulika. Kila kifaranga anayeanguliwa nyumbani kwako amepata nusu ya urithi wake kwa jogoo. Tabia ya ugomvi kwa kiasi hurithiwa, kwa hiyo ukimwacha mkorofi apande kwa mwaka mzima, mwakani utakuwa na mapora wengi wa sampuli yake. Wanaofuga kwa makini huchagua jogoo kwa upole kama wanavyomchagua kwa uzito.

Akiondoka, anaenda wapi

Njia ya moja kwa moja ni kisu. Jogoo aliyekomaa nyama yake ni ngumu, lakini supu yake haina mpinzani. Ichemshwe polepole, na kipande cha papai bichi husaidia kulainisha. Kama alipewa dawa karibuni, ngoja siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa ndipo umchinje. Ukipenda kumuuza, bei hupanda karibu na Idd na Krismasi, lakini usimlishe miezi miwili na watoto wako ndani ya ua kwa ajili ya bei hiyo. Mnunuzi mwambie tabia yake. Kumgawia jirani kimya kimya ni kuuhamisha mzigo tu.

Kama mbegu yake unaihitaji kweli, mfungie katika banda lake la wavu, lenye kivuli na maji, ambalo mtu anaweza kuweka chakula bila kuingia. Mbegu ya jogoo hukaa hai ndani ya mtetea kwa siku kama kumi au zaidi, kwa hiyo si lazima ashinde na mitetea. Mruhusu kwao mara moja moja watoto wakiwa shuleni.

Kumleta mwingine

Kubadilisha jogoo kila baada ya mwaka mmoja au miwili ni jambo jema hata kama wa kwanza hana kosa, kwa sababu huzuia baba kuzaa na mabinti zake na kudhoofisha vifaranga. Mtafute kwa mfugaji wa mbali kidogo. Kabla ya kulipa, omba kumwona akiwa na kundi lake, na mtume mwenye kuku aingie na ndoo ukiwa unatazama.

Usimwingize moja kwa moja bandani. Mtenge wiki mbili, mchanje dhidi ya mdondo kama hajachanjwa (chanjo ya I-2 hutolewa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne), na mnyunyizie dawa ya viroboto na utitiri. Baada ya hapo mwachie kundi. Mayai ya wiki tatu za mwanzo bado yanaweza kuwa na mbegu ya yule wa zamani: hayo kula au uza, na mtetea mwatamishe yatakayofuata.