SOMO LETU: MARA YA KWANZA KATIKA MKUTANO WA SIASA



Wengi wetu tukisikia neno "siasa" hurudi nyuma. Mtu husema, "Hayo ni ya wakubwa, sisi twataka maji tu." Lakini maji, mitaro, dawa za zahanati na vyoo vya soko huamuliwa katika mikutano hiyo hiyo ya siasa. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo.

Somo hili latokana na yale tuliyoyaona watu watano kutoka vikundi vitatu. Tulihudhuria kwa mara ya kwanza mkutano wa wananchi juu ya bajeti ya kaunti, kisiwani Mombasa, katika wadi ya Mji wa Kale/Makadara.

1. NI HAKI, SI HISANI

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 1, yasema mamlaka yote ni ya wananchi. Kifungu cha 196 chalitaka bunge la kaunti lifanye kazi zake waziwazi na kuwashirikisha wananchi. Kifungu cha 7 chasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Basi mama muuza samaki ana haki ya kusimama na kusema kwa lugha yake sawasawa na wakili. Hakuna haja ya kuona haya.

2. TULIYOYAONA

Mgeni macho yake huwa makali, huona mambo ambayo wenyeji wameyazoea.

Tuliona kwamba waliokaa viti vya mbele wanajuana. Wanaitana kwa majina, wanacheka pamoja. Mgeni hukimbilia nyuma, na huko nyuma ndiko walikokuwa akina mama wengi. Kipaza sauti nacho huanzia mbele, kikifika nyuma muda umekwisha.

Tuliona pia watu wa aina mbili wakisimama kusema. Wa kwanza walisifu viongozi au kuwalaumu, wakapigiwa makofi na vigelegele. Makofi yalipokwisha, mwandishi wa mkutano hakuwa na la kuandika. Wa pili walitaja jambo moja.

Mama mmoja anayeuza viazi karai alipewa dakika mbili kama wengine. Alisema: "Sisi wachuuzi twalipia choo. Tuseme ni shilingi 10, mara tatu kwa siku, siku 26 za kazi. Hiyo ni shilingi 780 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Wasio nazo hawanywi maji mchana kutwa, nao wataka kuugua. Nauliza, choo cha soko kiko ukurasa gani wa bajeti hii?" Ukumbi ulinyamaza. Hakupigiwa makofi mengi, lakini maneno yake yaliandikwa kwenye kumbukumbu. Kuandikwa si kujengwa, ni kweli. Ila lisiloandikwa halina hata pa kufuatiliwa.

3. MANENO YALIYOANDIKWA HUDUMU

Hapa Mombasa tunao mfano mkubwa. Mwaka 1961 Sir James Robertson alitumwa kusikiliza maoni ya watu juu ya Mwambao, yaani ukanda wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar lakini ukiendeshwa na Waingereza. Wengine walitaka Mwambao ujitawale, wengine uwe Kenya. Robertson alipendekeza uungane na Kenya.

Je, wale wenye wasiwasi walipoteza yote? La. Katika barua za Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, walikubaliana kwamba mahakama za Kadhi zitaendelea kulindwa. Mpaka leo zimo katika Katiba, Kifungu cha 170. Asiyepata yote aweza kupata sehemu, bora jambo lake lisemwe wazi na litiwe kwenye maandishi.

4. CHAKULA HUPIKWA LINI?

Jambo lililotushangaza zaidi ni kwamba tunapoalikwa kujadili makadirio, mengi yameshapangwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 ina kalenda yake. Bandikeni hii ukutani:

- Kufikia 1 Septemba: mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa katika bunge la kaunti.
- Kufikia 28 Februari: taarifa ya mwelekeo wa mapato na matumizi.
- Kufikia 30 Aprili: makadirio ya bajeti.
- Kufikia 30 Juni: bajeti ipitishwe. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai.

Basi kikundi kinachotaka choo kisingoje mwezi wa Mei. Kianze kusema Julai na Agosti, chungu kikiwa bado hakijateremshwa jikoni.

Sheria hiyo, sehemu ya 137, pia yaunda Jukwaa la Bajeti na Uchumi katika kila kaunti. Humo wamo wawakilishi wa akina mama, wazee, wenye ulemavu na mashirika ya dini. Ulizeni ni nani anayewakilisha watu kama nyinyi.

5. MAMBO YA KUFANYA

Kabla: Kutaneni, chagueni jambo moja, si kumi. Hesabuni gharama yake kwa mwananchi. Tafuteni nakala ya bajeti mapema, kwa sababu mara nyingi huwa chache. Nauli itoke katika mfuko wa kikundi, msije mkabebwa na mwenye lake.

Mkutanoni: Fikeni mapema, mkae mbele. Andikeni majina katika orodha ya mahudhurio. Mmoja aseme, mmoja aandike, mmoja aangalie saa. Msivae nguo za chama chochote. Kikundi ni cha wote, Waislamu kwa Wakristo, wa chama hiki na kile.

Baadaye: Pelekeni barua yenye jambo lile lile kwa mwakilishi wa wadi, mkabaki na nakala yenye muhuri. Jibu lisipokuja, sheria yawaruhusu kupeleka ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Haba na haba hujaza kibaba.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ni jambo gani moja linalotugharimu zaidi kila mwezi? Ni shilingi ngapi?
2. Katika kikundi chetu, nani hunyamaza mikutanoni, na kwa nini?
3. Nani atasema, nani ataandika, nani ataangalia saa?
4. Kabla ya 1 Septemba ijayo, tutakuwa tumefanya nini?

Majibu yaandikwe katika daftari la kikundi, yasomwe tena mkutano unaofuata.