Uzito Uliosimama Bado ni Hatari: Usalama wa Kusafirisha Vyuma vya Kuchimbia Visima

Mtambo wa kuchimba kisima unapoingia kijijini, mawazo ya wengi huwa kwenye maji yanayosubiriwa. Wachache hulitazama lori linaloufuata, lililobeba mabomba ya kuchimbia, nyundo ya hewa, vichwa vya kukatia mwamba na kompresa. Mkoani Morogoro, safari za aina hii hupita katika njia zinazoizunguka Milima ya Uluguru: barabara itokayo Bigwa kupitia Mkuyuni, Matombo na Mvuha hadi Kisaki, na ile ya Sangasanga inayopanda kuelekea Mgeta. Miteremko, kona kali na utelezi wa masika ni hatari zinazojulikana na kila dereva. Hatari isiyojulikana sana huja baada ya lori kusimama na injini kuzimwa, mikanda inapofunguliwa na watu wakaanza kushusha.

Somo hili linaeleza namna ya kuzuia majeraha ya vyuma hivyo, na kwa nini jeraha la kubanwa linaloonekana dogo linaweza kuua siku chache baadaye.

Kuujua uzito

Chuma kina uzito wa takriban kilo 7,850 kwa kila mita moja ya ujazo. Bomba la kuchimbia lenye kipenyo cha nje cha milimita 114, unene wa ukuta wa milimita 8.6 na urefu wa mita 6 lina takriban kilo 134, kabla ya kuhesabu viungio vyake. Mabomba 50 ya aina hiyo ni karibu tani 6.7.

Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini hutumia kilo 23 kuwa kikomo cha mzigo wa kuinuliwa na mtu mmoja katika mazingira bora: mzigo ukiwa karibu na mwili, mahali tambarare, pasipo kujipinda. Bomba lililotajwa hapo juu linazidi kikomo hicho karibu mara sita. Hata watu wanne wakilibeba, kila mmoja hubeba zaidi ya kilo 33, na mmoja akiteleza kwenye tope, uzito wake huwahamia wenzake ghafla. Hapo ndipo pingili za mgongo huumia na vidole vya miguu hupondwa. Kwa sababu hiyo, winchi au kreni ndogo ni kifaa cha lazima cha kazi hii.

Kupakia na kufunga

Vipande vizito zaidi, kama vile nyundo na vichwa vya kuchimbia, vilazwe chini na karibu na katikati ya bodi. Mabomba yapangwe juu ya boriti za mbao, kila tabaka likizuiwa kwa kabari, na nguzo za pembeni ziwe ndefu kuliko rundo. Mzigo uegemezwe kwenye ukuta imara wa mbele, kwa kuwa breki za ghafla huusukuma kuelekea kwa dereva.

Mwongozo wa Uingereza wa kufunga mizigo una kanuni rahisi kukumbuka: vifungio viweze kuzuia nguvu sawa na uzito wote wa mzigo kuelekea mbele, na nusu ya uzito huo kuelekea nyuma na pembeni. Kamba za katani zilizochakaa haziwezi kazi hiyo. Hutumika minyororo au mikanda imara iliyoandikwa uwezo wake. Vifungio vikaguliwe tena baada ya kilomita chache za mwanzo, kwa sababu mtikisiko hulaza mzigo na kuvilegeza.

Hakuna mtu anayepaswa kusafiri juu ya vyuma. Utingo aliyeketi juu ya mabomba hana pa kukimbilia yakianza kuviringika. Lori likipinduka, wananchi wazuiwe kulisogelea, maana mabomba huendelea kuhama na mafuta huweza kuvuja. Wakazi wa Morogoro wanaikumbuka ajali ya Msamvu ya tarehe 10 Agosti 2019, ambapo zaidi ya watu 100 walipoteza maisha baada ya lori la mafuta kupinduka na kuwaka moto watu wakiwa wamelizunguka.

Kushusha

Lori lisimamishwe mahali tambarare na magurudumu yawekewe kabari. Kabla ya kulegeza mkanda wowote, rundo litazamwe pande zote: huenda bomba lililohama njiani linazuiwa na mkanda huo peke yake. Anayefungua asisimame upande ambao mzigo unaweza kuangukia. Mzigo unaoning'inia uongozwe kwa kamba, usishikwe kwa mikono, na mtu mmoja tu ndiye atoe ishara. Pete na saa zivuliwe, kwa kuwa pete iliyonaswa kwenye chuma huweza kuchuna ngozi yote ya kidole. Watoto, ambao hukusanyika kila mtambo unapofika, wawekwe mbali.

Kinachotokea ndani ya mwili uliobanwa

Mwaka 1941, Eric Bywaters na Desmond Beall walieleza habari za wagonjwa waliofukuliwa katika vifusi vya nyumba zilizopigwa mabomu jijini London. Mwanzoni walionekana kuwa na nafuu. Baadaye figo zao zilishindwa kufanya kazi. Msuli uliobanwa kwa muda mrefu hufa. Uzito unapoondolewa, damu hurudi na kuzoa potasiamu, ambayo inaweza kuusimamisha moyo, pamoja na myoglobini, protini inayoziba na kudhuru figo. Mkojo wenye rangi ya chai kavu ni dalili ya hatari hiyo. Hali hii huweza kuanza baada ya saa moja tu ya kubanwa paja au mguu mzima, ingawa huonekana zaidi baada ya saa nne na kuendelea.

Hatari ya pili ni uvimbe ndani ya utando mgumu unaofunika misuli. Shinikizo hupanda hadi damu isipite. Mgonjwa hulalamika maumivu makali kupita jeraha linaloonekana, yanayozidi vidole vinaponyooshwa, kisha ganzi hufuata. Huyu huhitaji upasuaji ndani ya saa chache ili kiungo kiokolewe. Kumkanda kwa maji ya moto au kumfunga bandeji ya kubana humwongezea madhara.

Huduma ya kwanza

1. Hakikisha mzigo hautahama tena kabla ya kumsogelea majeruhi. Omba msaada, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.
2. Andika saa aliyobanwa na saa aliyotolewa.
3. Ondoa uzito mapema iwezekanavyo, mara inapokuwa salama. Kama amebanwa muda mrefu na mtoa huduma ya afya yupo, dripu ya maji ya chumvi, isiyo na potasiamu, ianzishwe kabla ya kumtoa. Lakini asiachwe chini ya chuma kwa kusubiri dripu isiyojulikana itafika lini.
4. Damu ikitoka kwa wingi, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi.
5. Kidole kilichokatika kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, kiwekwe ndani ya mfuko, na mfuko uwekwe juu ya barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu.
6. Mpeleke kituo cha afya hata kama anatembea, ukieleza muda aliobanwa, ili apewe rufaa mapema.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri jukumu la kuwalinda wafanyakazi wake. Kwenye mteremko wa Mgeta, jukumu hilo huanza kwa winchi inayofanya kazi, mikanda mizima na msimamizi mwenye mamlaka ya kusema, "Leo hatushushi, mvua ipite kwanza."

Maswali ya kujadili kabla ya safari

1. Kipande kizito kuliko vyote katika lori hili kina kilo ngapi, na kitashushwa kwa kifaa gani?
2. Nani atatoa ishara wakati wa kushusha?
3. Kituo cha afya cha karibu na eneo la kisima kiko wapi, na majeruhi atafikishwa huko kwa gari lipi?